Shikamoo za Barabara ya Arusha

Jumatatu, 2 Machi 1970

Leo nimeingia lami! Acha niandike tena, maana hata mwenyewe siamini: leo mimi Hilaria, binti wa Kornelia wa Masama, nimeendesha pikipiki kwenye barabara kuu ya Arusha, kutoka Kwa Sadala mpaka Moshi mjini, peke yangu, na sijafa.

Pikipiki ni ya kaka yangu Januari, kaniachia alipopata kazi Tanga. Ni kadogo, injini ya hamsini tu, ka kujifunzia. Kanalia kama cherehani na kanarukaruka kwenye mawe, basi nimekaita Kiroboto. Mbele na nyuma nimefunga kibao cheupe chenye L nyekundu, kila mtu ajue mimi mwanafunzi. Leseni yangu ya kujifunza inakwisha tarehe 31 Mei. Kabla ya hapo lazima nifaulu mtihani wa trafiki.

Mae! Hivi nyie mmewahi kushuka mteremko wa Kikafu asubuhi, baridi inakuuma masikio, lami mbele yako imenyooka hadi darajani, na hakuna mtu wa kukuambia punguza? Nilipiga kelele peke yangu. Halafu likaja lori la kokoto, yale yanayokwenda kujenga uwanja mpya wa ndege, upepo wake ukanisukuma hadi kwenye majani. Nikanyamaza kidogo.

Nimefika mitamboni, kwetu tunakounganisha simu, saa moja na robo. Zamu inaanza saa moja na nusu. Wenzangu waliokuwa wananiita "Hilaria wa basi la saa tatu" wametoka nje kumtazama Kiroboto.

Jumanne, 3 Machi

Nimechelewa dakika tisa. Si Kiroboto, si mvua. Ni shikamoo.

Kutoka getini kwetu mpaka Kwa Sadala nimekuta wazee kumi na mmoja. Wengine wanatoka kufungua maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, wengine wanakata majani ya ng'ombe, wengine wamesimama tu. Nilipokuwa natembea kwa miguu kushuka kulifuata basi, hizi salamu hazikunisumbua, tulisalimiana huku tunatembea. Lakini juu ya pikipiki unapita kabla jicho halijafumba, na kumpita mzee bila kumwamkia huku kwetu ni sawa na kumtemea mate. Basi nikasimama. Shikamoo. Umeamkaje? Mama yako anaendeleaje na mguu? Ng'ombe amezaa? Mara kumi na moja!

Bi Mwanaasha, msimamizi wetu wa zamu, mama wa mjini mwenye saa mbili, moja ukutani na moja mkononi, akafungua kitabu chekundu cha wachelewaji. Akaandika jina langu taratibu. Heri angetukana.

Alhamisi, 5 Machi

Nimepata akili: honi! Honi moja fupi ni shikamoo. Mtu mwenye akili ataelewa.

Alhamisi hiyohiyo, jioni

Hawajaelewa. Baba mkubwa Ambrosi, kaka yake marehemu baba, amekuja na fimbo yake na koti lake refu, akakataa kukaa.

"Kornelia," akamwambia mama, "mtoto wako ananipigia honi kama mimi mbuzi niliyelala barabarani."

Mama akaniangalia. Nikatazama miguu yangu.

"Baba mkubwa, nilikuwa nawahi kazi."

"Kazi. Hata mimi nina kazi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe unapanda kitu chenye magurudumu mawili, kwa hiyo utavunjika yote mawili."

Akaenda zake. Mzee huyu ananichosha! Geti lake liko pale njia zote za kijiji zinapokutana, na yeye anakaa pale kama mkusanya ushuru.

Jumapili, 15 Machi

Mvua imeanza.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua. Nimeanguka mara mbili kwenye tope kabla ya kufika lami. Baba mkubwa alicheka mara zote mbili.

Jumanne, 24 Machi

Nimeshinda! Ninaamka mapema zaidi, nakata majani, nateka maji, nampikia mama mtori, halafu natoka nyumbani nikiwa na dakika ishirini za ziada. Nimeziita dakika za shikamoo. Kwa kila mzee nazima injini, nainama, naamkia, nauliza ng'ombe, nawasha, naenda. Nikifika lami nimemaliza deni langu kwa dunia nzima, na hapo Kiroboto ni wangu. Leo nimefika na dakika sita mkononi. Bi Mwanaasha ametazama saa ya ukutani, akatazama ya mkononi.

Baba mkubwa Ambrosi peke yake anakula dakika nane.

Alhamisi, 2 Aprili

Barua kutoka kwa mkuu wa kituo chetu cha simu. Niinakili hapa, maana yenyewe nimeikunja hadi imechanika: mfanyakazi yeyote anayekaa mbali na mji na hana njia ya uhakika ya kufika kazini, kuanzia tarehe 1 Juni atahamishiwa Singida, ambako kuna nyumba za wafanyakazi. Jina langu limepigiwa mstari.

Singida! Na mama je? Mguu wake uliovunjika umeunga vibaya, hawezi kuteka maji, hawezi kushuka kukata majani. Mimi nikienda, ndugu wataweka mtu kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, na mama atahamishiwa chumba cha uani kwa ndugu, akae kama mgeni kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe. Najua mambo hayo yanavyokwenda, nimeyaona kwa jirani.

Basi la Masama wakati huu wa mvua linafika mjini saa tatu, likifika. Kwa hiyo ni Kiroboto au Singida. Na Kiroboto bila leseni ni chuma tu. Mtihani wangu ni tarehe 29 mwezi huu. Lazima nifaulu.

Jumatatu, 13 Aprili

Nataka kuandika yote.

Asubuhi mvua ilikuwa ya kumwaga. Nimeanza kushuka Kikafu, maji yanatiririka juu ya lami, sioni hata gurudumu la mbele. Ghafla taa mbili zikatokea kwenye kona, na pembeni yake taa nyingine mbili: lori la kokoto linalipita lori lenzake kwenye mteremko, na lile la pili liko upande wangu. Nilisema "Yesu wangu" mara moja tu. Nikaacha lami. Kiroboto akaruka tuta, akaingia kwenye majani, mimi nikaruka upande mwingine, na lori likapita pale nilipokuwa likipiga honi kama mimi ndiye mwenye makosa.

Nikakaa kwenye tope. Nikajikagua: kichwa kipo, mikono ipo, goti linatoka damu. Halafu, sijui ni wazimu gani, nikaanza kucheka. Nikacheka mpaka machozi. Nikamnyanyua Kiroboto, usukani umepinda kidogo, nikapiga kiki mara tano, akawaka! Kadogo vile, kamelowa vile, kakawaka! Ningekuwa na mbege, pombe yetu ya ndizi, ningekamiminia.

Nimefika saa moja na dakika thelathini na saba, nadondosha maji sakafuni, nikisubiri kitabu chekundu. Kiti changu hakikuwa kitupu. Bi Mwanaasha mwenyewe alikuwa amekikalia, amevaa vile vyombo vya masikioni juu ya mtandio, anaunganisha Tanga na Nairobi kama msichana wa miaka ishirini.

"Shikamoo Bi Mwanaasha. Nimechelewa."

"Marahaba. Kitabu kinaandika kiti kitupu," akasema bila kugeuka. "Umeona kiti kitupu hapa? Kaoshe hilo goti."

Na mimi nilikuwa namwita Mama Saa Mbili. Nimeona aibu.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimefanya mazoezi kwenye uwanja wa kanisa ulio jirani na kwetu: kuzunguka, kusimama, kutoa mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Watoto wameshangilia. Mama ametoka mpaka mlangoni na fimbo yake kuniangalia.

Jumatano, 29 Aprili

Nimefeli.

Sitaki kuandika, lakini nisipoandika nitapasuka.

Mtahini ni Sajenti Fikirini wa trafiki, mfupi, ana suti ya kaki iliyopigwa pasi mpaka inakata. Alinieleza vizuri: niende barabara ya Arusha mpaka daraja la Weruweru nigeuze nirudi, yeye yuko nyuma yangu na Landrova. "Usisimame popote mpaka nipige honi. Barabara kuu si uani kwa mama yako. Umenielewa?" Nimekuelewa, afande.

Na niliendesha! Sijawahi kuendesha vile. Jua lilikuwa limetoka kidogo, lami kavu, mzunguko wa kwanza wa kutokea mjini nimeuzunguka kama nimezaliwa juu yake. Nikapita daraja la Karanga. Nikasema moyoni, Hilaria, umepita.

Halafu nikaona koti refu. Baba mkubwa Ambrosi, pembeni mwa barabara, ameshuka kwenye basi kwenda mkutano wa ushirika wa kahawa. Ameniona. Akanyanyua fimbo.

Naapa sikufikiri. Mwezi mzima kila asubuhi nikiona ile fimbo nazima injini. Mguu wangu wa breki ulijua kabla ya kichwa changu. Nikasimama. Nikazima. Nikashuka! Nikainama, "Shikamoo baba mkubwa," nikauliza na mgongo wake, na yeye akanijibu kwa kirefu, huku nyuma yangu Landrova imefunga breki mpaka imekaa upande, na nyuma ya Landrova basi, na nyuma ya basi malori mawili ya kokoto yanapiga honi.

Sajenti akashuka. Kwanza akamgeukia baba mkubwa, akavua kofia. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu." Halafu akanigeukia mimi.

"Unajua umesimama wapi?"

"Mbele ya baba mkubwa, afande."

"Umesimama katikati ya barabara kuu ya Arusha!"

Akaandika kwenye karatasi palepale, juu ya boneti. Nilitaka ardhi ipasuke. Na baba mkubwa? Alikuwa anatabasamu. Sijawahi kumwona akitabasamu vile.

Ijumaa, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Kijiji kizima kinanisifu. Mimi! Baba mkubwa amezunguka kila penye mbege anasimulia jinsi binti wa marehemu mdogo wake alivyosimamisha pikipiki, polisi, basi na malori mawili ili amwamkie yeye. "Huyo ndiye mtoto aliyelelewa!" Wanawake wananipigia vigelegele njiani. Nimejifungia chumbani.

Jumapili, 3 Mei

Nimefanya kitu kibaya.

Baada ya ibada, nje ya kanisa, alianza tena ile hadithi, watu wamemzunguka, sasa malori yamekuwa manne. Akaniita nije nishuhudie. Damu ikanichemka. Nikapasuka mbele ya watu wote:

"Ulikuwa mtihani! Ile ilikuwa siku ya mtihani wangu, na shikamoo yako imenifelisha! Nitahamishwa Singida, mama ataachwa peke yake, na wewe unanywea mbege kwa ajili ya hilo! Fimbo yako hiyo, baba mkubwa, imetuvunjia nyumba!"

Yeye alisimama kidogo, mdomo wazi. Halafu akaondoka, na fimbo yake hakuiegemea, aliikamata tu katikati kama mzigo.

Mama hajala jioni hii.

Jumatatu, 4 Mei

Geti la baba mkubwa limefungwa. Nimepita bila kusimama. Nimefika mjini mapema kuliko siku zote na sikufurahi hata kidogo.

Alhamisi, 7 Mei

Mama amekata jani la sale kwenye mpaka wa kihamba, ameliweka juu ya kofia yangu ya pikipiki. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani hilo, na huyo mtu hawezi kukukatalia msamaha. Nimelitoa nikaliweka mezani. Ni baba mkubwa aliyenikosea!

Jumapili, 10 Mei

Jani linaanza kukauka.

Jumanne, 12 Mei

Nimekwenda.

Mvua ilikuwa inanyesha, nimelikata jingine bichi, nimelifunga fundo, nimepita kwa miguu. Nilimkuta baba mkubwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, moshi unamtoa machozi. Nikapiga goti, nikanyoosha jani kwa mikono miwili. Maneno niliyokuwa nimeyapanga yalikimbia yote.

"Baba mkubwa, nilikuaibisha mbele ya watu."

Akalipokea. Akalitazama kwa muda mrefu, akalichomeka kwenye mti wa paa juu ya moto. Nilingoja mahubiri. Nilistahili mahubiri. Lakini akauliza kitu kimoja tu:

"Wanarudia mtihani huo?"

"Wakikubali. Jumatano ya mwisho ya mwezi. Sijui."

"Barabara ileile?"

"Ileile."

Akanisogezea bakuli la kiburu, ndizi na maharage. Tukala pamoja. Nilikuwa nimesahau kwamba anaishi peke yake, kwamba tangu mkewe, mama mkubwa, afariki salamu za pale getini ndizo mazungumzo yake ya siku nzima. Dakika nane zile! Nilikuwa nazihesabu kama mwizi amezichukua.

Jumatano, 20 Mei

Bi Mwanaasha amekwenda mwenyewe kwa Sajenti Fikirini, amekaa kwenye benchi la trafiki saa nzima ya chakula mpaka akapewa karatasi: mtihani tarehe 27, saa tatu asubuhi. "Usipofaulu," akaniambia, "usirudi kunililia. Mimi huwa nalia na anayelia." Nikamkumbatia. Alikasirika, lakini si sana.

Jumatatu, 25 Mei

Siwezi kulala, siwezi kula. Nimemsafisha Kiroboto kwa mswaki.

Jumatano, 27 Mei

Niandike kwa utaratibu, Hilaria, tulia.

Asubuhi nimeshuka Masama, na njia nzima sikukuta mzee hata mmoja. Hata mmoja! Mfongoni hakuna mtu, kwenye majani hakuna mtu, geti la baba mkubwa limefungwa kwa kamba. Moyo ukaniingia baridi. Nikasema, wamenisusa. Jani alilipokea yeye, lakini wengine hawajanisamehe kelele zangu za kanisani. Nilifika Kwa Sadala sijatumia hata dakika moja ya shikamoo, na nilitamani kulia.

Saa tatu Sajenti akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Leo una jamaa yeyote barabarani?"

"Sijui, afande."

"Haya. Twende."

Manyunyu yalikuwa yameanza. Nimezunguka mzunguko wa kwanza, mkono wa kulia nje, vizuri. Nikashuka Karanga, nikapanda, vizuri. Lori limenipita, nimeshika usukani, sikuyumba. Na hapo mbele, palepale, pembeni mwa barabara, nikaona makoti.

Hawakuwa mmoja. Walikuwa saba. Wazee saba wa Masama na kofia zao, mstari mmoja kwenye majani. Nikasema, sasa basi. Mmoja ningeweza kumpita, Mungu anisamehe. Saba siwezi. Mguu wangu ulikwisha kugusa breki.

Ndipo nikaona kwamba sioni nyuso zao. Walikuwa wametugeuzia migongo. Wote saba wamesimama wima, wanatazama shamba la mahindi la mtu kama kuna mkutano wa hadhara ndani yake. Na yule wa kwanza mwenye koti refu fimbo yake ameificha mbele ya tumbo. Mmoja katikati alianza kugeuza shingo. Ile fimbo ikatoka, ikampiga kwenye mguu, akarudisha shingo.

Asiyekutazama humwamkii. Mtoto yeyote wa kwetu anajua hilo.

Nikaongeza mafuta. Nikapita, wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikawapita wote saba, na nilikuwa nalia waziwazi na manyunyu yananisaidia. Nimefika Weruweru, nimegeuza, nimerudi. Bado walikuwepo! Sasa mvua ilikuwa mvua kweli, maji yanatiririka kwenye kofia zao, na hakuna hata mmoja aliyegeuka.

Kituoni Sajenti alikaa na karatasi yake muda mrefu.

"Pale baada ya Karanga," akasema, "wale wazee. Walikuwa wanajisaidia wote kwa mpigo, kwenda na kurudi?"

"Sikuwaona vizuri, afande. Nilikuwa natazama barabara."

Akakohoa. Akafunika mdomo kwa kofia, mabega yanatikisika. Halafu akagonga mhuri, bam! Nimefaulu! Nimefaulu, nimefaulu! Bi Mwanaasha aliposikia aliunganisha Singida na Tabora kwa makosa, na hakujali. Mkuu wa kituo chetu ameona leseni, ameitazama nyuma na mbele, amesema, "Basi baki." Nitabaki! Mama atabaki kwenye migomba yake!

Jioni nimepanda mlima nikiimba. Geti la baba mkubwa lilikuwa wazi. Nikazima injini, nikaingia. Alikuwa kwenye kigoda chake, miguu ndani ya karai la maji ya moto, koti limetundikwa juu ya moto linakauka.

"Baba mkubwa, nimefaulu."

"Umefaulu nini?" Macho yake yako kwenye karai. "Mimi leo nilikwenda kutazama mahindi ya watu."

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Lakini nasikia kuna msichana alinipita barabarani bila kuniamkia. Kwenda na kurudi."

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Na wale sita pia."

"Ndiyo."

Ndipo akanyanyua uso.

"Basi anza na mimi."

Nikapiga goti kwenye majivu. "Shikamoo, baba mkubwa."

Akaiacha ikae hewani kwanza, kisha akaitikia polepole, kama mtu anayekunywa kitu cha moto. "Marahabaa, mwanangu. Sasa nenda kwa wale wengine kabla giza halijaingia. Tumelowa sana."

Nikamwacha Kiroboto pale getini kwake, nikaenda kwa miguu, nyumba kwa nyumba, zote sita.